Kukopa na Kuazima: Kisa cha Tofali Dogo la Denmark

Wahenga walituusia: kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi niliyetumia zaidi ya miaka ishirini kuyafasiri mashairi ya watu wa mbali, usia huu hunijia kila nishikapo kalamu, kwani mfasiri ni mkopaji kwa kazi yake. Hata hivyo sikupata kuufikiri kwa makini mpaka usiku mmoja nilipokuwa nimeketi mkekani, mtu mzima mwenye mvi, nikiunganisha matofali ya plastiki ya kuchezea watoto.

Msomaji asifanye haraka kunicheka. Nyumbani wamekwisha kunicheka vya kutosha. Matofali hayo niliyapata sokoni, katika mitumba, yametiwa ndani ya mfuko mmoja pamoja na mikono ya wanasesere na magurudumu ya magari yasiyokuwepo. Nilimnunulia mjukuu. Mjukuu aliyachoka baada ya siku mbili. Mimi huu mwaka wa tisa sijayachoka. Ndani ya mfuko mlikuwa na matofali ya namna mbili. Mengine yaliandikwa LEGO kwa herufi ndogo juu ya kila kinundu, na yakishikana hayaachani mpaka uyaachanishe mwenyewe. Mengine hayakuwa na jina, na ukuta niliojenga kwayo ulianguka kabla sijafika darini. Nikasema kwa majivuno ya mnunuzi: haya ni ya asili, yale ni ya kuiga. Kisha nikaanza kusoma habari zake, na kusoma kukanitia haya.

Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala. Mwaka 1916 alinunua karakana katika kijiji cha Billund, Denmark, akawa anajenga nyumba na kuchonga samani za wakulima wa jirani. Ulipofika mdororo wa uchumi wa dunia, wakulima hawakuwa tena na fedha za kujengea, naye mwaka 1932 akageukia vitu vidogo vya mbao, vikiwemo vya kuchezea watoto. Mwaka 1934 aliipa kazi yake jina la LEGO, kwa kukata maneno mawili ya Kidenishi, leg godt, yaani "cheza vyema". Baadaye ikabainika kwamba katika Kilatini neno hilohilo lina maana ya "nakusanya", na pia "nasoma". Mshairi hawezi kupita mbele ya sadfa kama hiyo asisimame. Mwaka 1942 karakana iliteketea kwa moto, akajenga tena. Wakati huo palikuwa hapana hata tofali moja la plastiki.

Tofali lilitoka kwingine. Uingereza alikuwako mtu aliyeitwa Hilary Fisher Page, mwenye kampuni ya Kiddicraft, ambaye alikuwa akiwatazama watoto wanavyocheza na kuwatengenezea vitu vinavyowafaa. Mwaka 1947 alitoa matofali ya plastiki yenye vinundu juu na uwazi chini, yanayopandana moja juu ya jingine. Karibu na wakati huohuo Ole Kirk na mwanawe Godtfred walikuwa wamenunua mashine ya kuyeyushia plastiki na kuimimina katika kalibu, nao wakaletewa sampuli za tofali la Page. Wakalichunguza, wakalirekebisha kidogo, na mwaka 1949 wakatoa la kwao. Page alifariki mwaka 1957. Mwaka 1981 ndipo kampuni ya Denmark iliponunua haki zilizosalia za tofali la Kiddicraft, na leo yenyewe inakiri katika maelezo ya historia yake kwamba tofali la Page ndilo lililoiongoza.

Hapo ndipo nilipoona haya. Yale niliyoyaita ya asili nayo yalikuwa na mkopo ndani yake. Nikajiuliza: je, sifa yote hii ni mali ya wizi? Na kama ni hivyo, mimi mfasiri nimesimama wapi?

Kiswahili chetu kina hekima katika jambo hili. Kinatofautisha kuazima na kukopa. Aazimaye jembe hurejesha jembe lilelile. Akopaye kibaba cha mchele hawezi kurejesha punje zilezile, maana zimekwisha kuliwa, zimekuwa nyama na damu. Hurejesha thamani yake. Aazimaye huishi na kitu cha mwenzake kama kilivyo. Akopaye hukigeuza kikawa sehemu ya nafsi yake, na deni likabaki shingoni.

Tofali la mwaka 1949 lilikuwa la kuazima. Lilikuwa tupu ndani kama la Page, na kasoro yake ilikuwa ileile: lilipanda juu ya jingine lakini halikushika barabara. Mtoto akijenga mnara na kuubeba, mnara humwagika. Kwa miaka tisa mafundi wa Billund walihangaika na aibu hiyo, hadi tarehe 28 Januari 1958 Godtfred alipoomba hataza mjini Copenhagen kwa ajili ya jambo dogo lisiloonekana: ndani ya uwazi wa tofali walitia mirija ya mviringo. Vinundu vya tofali la chini hubanwa kati ya mirija na kuta, na matofali hushikana kila upande utakaoyapanga. Miezi miwili haijatimia, mwezi wa Machi, mzee Ole Kirk akafariki. Tangu siku hiyo kipimo hakikubadilishwa. Tofali la mwaka 1958 hushikana na tofali lililotoka kiwandani mwaka huu.

Ukiligeuza tofali na kutazama chini yake utaiona kazi yote ya wakopaji hawa. Juu ni Page. Ndani ni wao. Na mshiko huo wa ndani ndio uliofungua mlango wa wingi usiohesabika. Wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Bergfinnur Durhuus na Søren Eilers, walilifanyia kazi swali la namna ngapi matofali sita yenye vinundu vinane, ya rangi moja, yanavyoweza kuunganishwa. Jibu ni 915,103,765. Sisi tunaotunga tarbia kwa mizani kumi na sita hatushangai: sheria ikiwa thabiti, uhuru huwa mpana.

Tena tusiende mbali. Neno kitabu tulilipata kwa Waarabu, na kwao silabi ya mwanzo ni sehemu ya shina. Waswahili wakalipokea, wakaisikia ile ki- kana kwamba ni ya kiti na kisu, wakasema vitabu. Hiyo ndiyo mirija yetu. Neno liliingia kwa umbo la wageni, likatiwa mshiko wa ngeli kwa ndani, na leo hakuna awezaye kulibandua ukutani. Lugha yetu imejengwa kwa matofali mengi ya namna hiyo, wala si aibu yetu.

Aibu huanza pale mkopaji anapochukua ganda akaacha kilichomo. Na kampuni hii, iliyokopa vyema tofali, haikukopa vyema kila kitu. Ushahidi umo katika visanamu vyake.

Kisanamu tukijuacho, chenye mikono na miguu inayosogea, kilitoka mwaka 1978, kazi ya mbunifu Jens Nygård Knudsen. Kilikuwa na sura ya manjano, vitone viwili vya macho na tabasamu. Nia ilikuwa njema: sura isiyo ya mtu yeyote, ili mtoto yeyote aijaze mwenyewe. Nakipenda, na nakiona bora kuliko vyote vilivyokuja baadaye, kwa sababu hiyohiyo ya kutosema mengi. Mjukuu wangu alikitazama akauliza, "Babu, huyu ana homa ya manjano?" Nikamwambia huyo si mtu wa taifa lolote. Lakini mwaka 2003, zilipotoka seti za mpira wa kikapu zilizowaonyesha wachezaji halisi wa Marekani, rangi ya manjano haikutosha. Ikabidi watiwe rangi za ngozi zao. Hapo wengi wakatambua kwamba ile manjano ya watu wote, machoni mwa waliozoea kujiona katika kila picha, ilikuwa yao tangu zamani.

Mwaka 1989 wakaja maharamia na majahazi yao, nyuso zikapata ndevu, vitambaa vya jicho na hasira. Na mwaka 1994 maharamia wakakutana na watu waliopewa jina la Watu wa Visiwani. Mimi mtu wa kisiwani niliposoma jina hilo nilifurahi, kisha nikaziona picha: nyuso zilizochorwa rangi, mfalme mwenye kinyago, na sanamu kubwa yenye uso wa kutisha. Ni visiwa vya Pasifiki kama vilivyoota katika kichwa cha mtu asiyepata kushuka pwani. Kisiwa bila bandari, bila soko, bila mwenye kujua nyota wala misimu ya pepo. Ganda lipo, mirija haimo.

Kilichofuata kilikuwa kizito zaidi, kwani kiligusa maneno. Mwaka 2001 kampuni ilitoa visanamu vya Bionicle, na hadithi yake ikawekwa kisiwani. Majina mengi yalichotwa katika Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand. Pohatu ni jiwe, kopaka ni barafu, tahu ni kuwasha moto, na toa, ambalo kwetu ni tendo la ukarimu, kwao ni shujaa. Kwa sikio ni majina mazuri. Lakini wanakijiji wadogo wa kisiwa hicho waliitwa Tohunga, na tohunga kwa Wamaori ni mtu wa elimu na wa ibada, mlinzi wa siri za ukoo. Ni kama mtu wa mbali angetengeneza kundi la vikaragosi, akaviuza kwa jina la Mashekhe, kwa kuwa neno limemwia tamu mdomoni.

Wamaori walilalamika mwaka huohuo, wakaandika barua kwa njia ya mwanasheria. Kampuni ilituma mjumbe kwenda kuzungumza nao, ikakubali kulibadilisha jina la Tohunga na mengine kadhaa. Tohunga wakawa Matoran, jina la kubuni. Mengine, kama Pohatu na Tahu, yalibaki. Wako waliosema wakati ule kwamba neno halina mwenyewe, kwamba maneno ni upepo. Hawakuwa wafasiri. Neno lina wenyewe kama kisima: wageni hawakatazwi maji, bali hupiga hodi kwanza.

Ama seti kubwa za siku hizi, rai yangu ni fupi. Tangu mwaka 1999, zilipoanza zile za filamu ya Star Wars, seti nyingi huja na hadithi iliyokwisha kusimuliwa. Mtoto huijenga kama anayenakili shairi la mwenzake kwa mwandiko mzuri. Mnara wa Eiffel uliotoka mwaka 2022 una vipande 10,001. Nauheshimu kama niheshimuvyo kazi ya mnakili hodari. Lakini kijitabu cha maelekezo kikikwambia kila kipande kiende wapi, umeazima jengo, hujalikopa. Litakuwa lako siku utakapolivunja ukajenga kingine.

Mimi nilijenga jahazi. Maharamia wa mwaka 1989 walipewa mabanzi ya ubavu yaliyokwisha kupindwa kiwandani. Mfuko wangu wa mitumba haukuwa na hata moja. Ilinibidi nianze kwa mkuku, nipandishe mataruma ngazi kwa ngazi, na kila safu niisogeze nje kwa kinundu kimoja, hadi pembe nne zikaanza kudanganya jicho na kuonekana mviringo. Kazi ilinichukua miezi mitatu. Tanga ni kipande cha kanga kuukuu, foromali ni kijiti cha mshikaki, na nahodha ni polisi aliyepotelewa na kofia. Matofali yale yasiyo na jina nayo yamo, tumboni mwa chombo, mahali pa shehena, ambapo hayabebi uzito wala hayamwangushi mtu. Sikuyatupa, kwa kuwa sijui nayo yangekuwa nini lau fundi mmoja angejiuliza kwa nini hayashiki, akakaa na swali hilo miaka tisa.

Basi kila nimalizapo tafsiri sasa, kabla sijaitia katika bahasha, huigeuza kama tofali nikatazama chini yake. Nimelichukua umbo la mshairi wa watu. Je, ndani nimetia nini cha lugha yangu kitakacholishika? Na jina lake, je, nimeliandika juu, palipo wazi, nisingoje miaka zaidi ya thelathini kama lilivyongojewa jina la Page? Maswali hayo mawili yakipata jibu, hulala bila deni la kunitisha. Yasipopata, huirejesha karatasi mezani nikaanza upya.

Niruhusuni niage kwa beti moja, kama ada ya kurasa hizi:

Tofali halina jina, hata liwe la thamani,
Hadi lishikwe na mwana, alipe lake jirani;
Na neno nalo hunena, likipangwa mizanini:
Vyote viwili hufana, kwa mshiko ulo ndani.