Antsiferov, Nikolai Pavlovich (1889–1958)

Mwanatarikhi wa Kirusi, mwalimu na mwandishi, aliyeushughulikia mji kama kiumbe chenye uhai, na ambaye umashuhuri wake umesimama juu ya vitabu alivyouandikia mji wa Petersburg, ulioitwa Petrograd na kisha Leningrad katika maisha yake.

Alizaliwa Sofiyivka, karibu na Uman katika Ukraine, akasoma tarikhi katika Chuo Kikuu cha Petersburg kwa Ivan Grevs, bingwa wa Zama za Kati, ambaye desturi yake ilikuwa kuwasafirisha wanafunzi mpaka Italia, ili waijue miji kwa miguu na macho yao wenyewe.

Baada ya Mapinduzi ya 1917, ijapokuwa njaa na maradhi vilitapakaa, hata yeye mwenyewe akafiwa na watoto wawili, Warusi wengi waliingiwa na hamu ya kujua tarikhi, majengo na mila za mahali walipokaa, na jumuiya za ilimu hiyo zikaenea majimboni. Antsiferov akajiunga na chuo cha Petrograd kilichoasisiwa 1921 kwa ajili ya matembezi ya mafunzo, akawaongoza walimu na wanafunzi mitaani. Mwaka 1922 alitoa *Roho ya Petersburg*, kilichopambwa kwa michoro ya Anna Ostroumova-Lebedeva. Mwaka 1923, *Petersburg ya Dostoevsky*. Na mwaka 1924, *Kweli na Visaasili vya Petersburg*. Alifundisha kwamba atakaye kuujua mji na autazame kwanza kutoka mahali pa juu, apate kuona mto, visiwa na njia zake kwa jumla, ndipo ashuke mitaani. Na kwamba watunzi, tangu Pushkin mpaka Blok, ni mashahidi wa kusikizwa, kwa kuwa yale ambayo vizazi vimeyahisi juu ya mji ni sehemu ya tarikhi yake sawa na kuta na madaraja.

Mwaka 1929, serikali ilipokuwa ikianza kuzivunja jumuiya hizo, alikamatwa, akafungwa katika visiwa vya Solovki, kisha katika kambi za mfereji wa Bahari Nyeupe. Na mwaka uo huo mkewe, Tatiana, akafariki. Aliachiliwa 1933, akakamatwa tena 1937, akapelekwa Mashariki ya Mbali mpaka 1939. Baadaye alitumika katika Makumbusho ya Fasihi, Moscow, akichunguza maisha ya mwandishi Herzen. Na mwaka 1944, akiwa amekwisha kumpoteza mwanawe katika mazingiwa ya Leningrad, aliitetea tasnifu yake juu ya mji katika fasihi. Alifariki Moscow.

Kumbukumbu zake zilipigwa chapa 1992, na katika miaka hiyo ya 1990 Petersburg iliasisi tuzo yenye jina lake kwa kazi bora juu ya tarikhi ya mji. Fadhila yake kubwa ni kuwafunza raia wa kawaida kwamba mtaa wanaopita kila siku unastahili kusomwa kwa makini na kwa mapenzi, na mafunzo hayo hayakuweza kuzimwa na kifungo.