Kwanza Jina: Watoto wa Benaco na Kazi ya Kuwarudisha Kwao

Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara. Ilichukua muda wa siku moja tu. Mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza wiki tatu kabla. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa unabeba maiti kuelekea Ziwa Victoria. Miili mingi iliopolewa upande wa Uganda na kuzikwa Kasensero, Lambu na Ggolo, ambako leo kuna makaburi ya kumbukumbu. Juu ya daraja walipita walio hai, na miongoni mwao watoto ambao hawakuwa wameshikwa mkono na mtu yeyote.

Walipiga kambi Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa imefanya kazi hapo. Kwetu huku Mkolani, Ngara si jina la vitabuni. Mabasi yake hupita hapa yakielekea Usagara na Kigongo. Hata hivyo, habari za Benaco tunazosimuliana ni za umati, mgao wa chakula na misitu iliyokatwa kwa kuni. Swali la nani aliwarudisha watoto kwao, na kwa njia gani, halisikiki sana. Mimi nalihesabu kuwa swali kubwa kuliko yote ya kambi ile.

Tuanze na neno. Mtoto aliyeonekana peke yake kambini aliitwa yatima na karibu kila mpita njia. Wafanyakazi wa ustawi wa watoto walilikataa neno hilo, wakasema ni mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake. Tofauti hiyo si ya ufundi wa maneno. Mama yake angeweza kuwa hema la kumi kutoka hapo, au Goma, au amebaki Kibungo. Ukishamwita yatima, umeacha kumtafutia.

Kosa la jina huzaa kosa la nyumba. Katika eneo zima la Maziwa Makuu, vituo vya kulelea watoto viliongezeka haraka baada ya vita. Waliovifungua walikuwa na huruma, lakini penye uji wa uhakika na blanketi, mzazi maskini humwacha mwanawe akiamini amemtendea wema. Vikajaa watoto ambao ndugu zao walikuwa hai. Zaidi ya hayo, kila shirika lililokuwa na kituo chake na daftari lake lilikuwa na watoto ambao shirika la pili halikuwajua. Kaka angeweza kuandikwa huku na mdogo wake kule, na wasikutane kamwe.

Kwa hiyo ushirikiano uliohitajika ulianzia kwenye karatasi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, UNHCR, UNICEF na Save the Children walilazimika kukubaliana jinsi ya kuandikisha watoto na kupeana orodha. Jina la mtoto, la baba, la mama, komini, sekta, kilima walichoishi, nani alimwona mara ya mwisho na wapi. Watoto walioandikishwa katika nchi zote za eneo hili walizidi laki moja. Kwa wale wadogo mno, wasiojua hata jina la mama, UNICEF ilitumia picha: huko Zaire nyuso za maelfu ya watoto zilibandikwa kwenye mbao, watu wazima wakapita mbele yake wakitazama moja moja. Mwaka huohuo BBC ilianza matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, yakasoma majina ya waliopotea na ya wanaowatafuta. Idhaa ile ikaitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia.

Lakini karatasi haimlazi mtoto usiku. Benaco, watu walikuwa wamekaa kwa kufuata komini walizotoka, na jambo hilo lilisaidia sana: jirani alimtambua mtoto wa jirani. Ndiyo maana wengi waliwekwa kwenye familia za kilima kimoja, kadi ya mgao ikaongezewa kichwa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Hapa ndipo historia inapokataa kuwa hadithi tamu. Mpangilio uleule uliomjua mtoto kwa jina ulikuwa mikononi mwa viongozi waliosimamia mauaji. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa komini ya Murambi, alikuwa Benaco. Jaribio la kumwondoa kambini mwezi Juni 1994 lilizua ghasia. Mwaka 2011 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Rufaa ikakipunguza kifungo chake cha maisha kuwa miaka 40. Mtu wa aina hiyo ndiye aliyekuwa na sauti juu ya nani apate mahindi, na nani ajulikane yuko wapi. Tena, mtoto wa kupokelewa angeweza kugeuzwa mtumishi wa maji na kuni. Familia peke yake haikutosha kuwa ulinzi. Ilihitaji mtu wa kupita hemani, kumwita mtoto pembeni na kumuuliza amelalaje, amekula nini.

Kisha ikaja Desemba 1996. Serikali ya Tanzania na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezo. Wengine wakakimbilia bara. Jeshi likawageuza kuelekea Rusumo. Karibu nusu milioni walirudi kwa muda wa majuma machache, na katika msongamano huo watoto wengine wakatengana upya na waliowalea. Mashirika yaliyokuwa yamejifunza kupeana orodha sasa yaliweka sahihi au yalitazama tu wakati barabara ikivuruga orodha hizo. Ushirikiano wa kulinda watoto huishia pale maamuzi makubwa yanapofanywa bila kuwakumbuka.

Makumi ya maelfu ya watoto hatimaye waliunganishwa na ndugu zao. Mwaka 2004 mashirika sita yalitoa kwa pamoja misingi ya kuwahudumia watoto waliotenganishwa na familia, na ndani yake unaisikia sauti ya miaka ile: usimwite yatima kabla ya kutafuta, usitenganishe ndugu, mweke kwenye familia, kisha umtembelee.

Misingi hiyo imepimwa pia Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, ambako Wakongo na Warundi wamelea watoto wasiowazaa, huku mazungumzo ya kurejea makwao yakiwasha hofu mara kwa mara. Kabla hatujahesabu malori na siku, tuulize kila mtoto anaondoka na nani, na jina lake limeandikwa kwenye daftari gani upande wa pili wa mpaka. Tarehe ya kurudi inaweza kusogezwa mbele. Mtoto mdogo aliyepotea barabarani na jina lake halijaandikwa, hatujui hata pa kuanzia kumtafuta.