Kwa Nini Wakristo wa Kwanza Walichukiwa

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaosoma maneno haya katika kijitabu, leo twataka kuzungumza habari ya kale ambayo mara nyingi husimuliwa nusu tu. Mtu akisimama Muze, katika bonde la Rukwa, akaelekeza uso magharibi, ataona ukuta mrefu wa mlima uitwao Lyamba lya Mfipa. Juu yake kuna nchi ya Ufipa na mji wa Sumbawanga. Na ng'ambo yake nchi hushuka tena hata ufuoni mwa ziwa Tanganyika. Kutoka ufuo ule ndiko dini ya Kikristo ilikopandia Ufipa. Leo makanisa ni mengi pande hizo, hata mwanafunzi aweza kudhani kwamba imani hii ilipokewa siku zote kwa vigelegele. Haikuwa hivyo. Katika nchi zilizo jirani watu waliuawa kwa ajili yake, na nyumba za misheni zilitiwa moto. Kwa nini?

Majibu mawili ni mepesi. Wakristo wengine husema kwamba waliowaua walikuwa watu wa giza waliochukia nuru. Na wengine wasiopenda misheni husema kwamba wamisionari walikuwa wapelelezi wa Wazungu, wakavuna walichopanda. Sisi twaona kila jibu limeshika kipande cha kweli, wala kipande hicho hakitoshi. Ukizichunguza habari hizi moja moja, utaona kwamba ugomvi haukuanzia katika fundisho la Mungu mmoja. Wafipa walimtaja Leza, na Waganda walimtaja Katonda, kabla padre wa kwanza hajafika. Ugomvi ulianza siku ile mtu alipoitwa na mkubwa wake akajibu, "Siji, maana yuko mwingine aliyenikataza."

Wazee wa Ufipa wanayo hadithi itakayotusaidia hapa, nayo husimuliwa kwa namna nyingi. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alikaa Milansi. Siku moja alipokuwa porini akiwinda, walifika wanawake wageni watatu wa ukoo wa Watwa, wakaketi juu ya kigoda chake. Aliporudi alikuta kigoda kimekwisha kukaliwa. Mwisho wa shauri, wageni walichukua utawala wa nchi, naye akabakiwa na Milansi yake na heshima ya ibada. Basi Mfipa hahitaji kufundishwa na mtu kwamba mgeni mpole, asiye na mkuki, aweza kuibadili nchi kwa kuketi tu. Swali la kigoda ndilo lililokuwa moyoni mwa watawala walipowaona wageni wenye kitabu.

Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Lavigerie, walifika ziwa Tanganyika mwaka 1879. Mwaka ule ule walijenga Rumonge, ufuo wa mashariki, katika nchi ambayo leo ni Burundi. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa imeshika ziwa zima. Mapadre walikuwa wakitoa nguo na shanga ili kuwakomboa watoto, nao wakawalea misheni. Ndipo ikatokea kwamba watu wa jumbe mmoja jirani, jina lake Bikari, walimdai mtoto aliyekuwa mikononi mwa mapadre, na mapadre wakakataa kumtoa. Tarehe 4 Mei 1881 misheni ilishambuliwa. Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao d'Hoop wakauawa.

Tuitazame habari hii kwa macho ya pande zote mbili. Kwa mapadre, mtoto yule alikuwa nafsi iliyookolewa, na kumrudisha kungekuwa dhambi. Kwa Bikari, mtoto alikuwa wa watu wake, na mgeni aliyejengea nchini kwa ruhusa alikuwa sasa anamzuia na kukataa amri. Hatusemi kwamba kuua kulikuwa haki. Twasema kwamba hakuna aliyeuliza siku ile habari ya Utatu Mtakatifu. Lililoulizwa ni mtoto wa nani.

Baada ya hayo, mwaka 1885, Wabelgiji waliwaachia mapadre ngome ya Karema waliyoijenga mwaka 1879 kaskazini mwa Ufipa. Sasa misheni ilikuwa na kuta, ardhi na watu wake. Waliokombolewa na waliokimbia vita walijenga chini ya ngome, na kesi zao ziliamuliwa na padre. Ng'ambo ya ziwa, huko Mpala, Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, aliongoza watu wenye bunduki kuwapinga wauza watumwa. Wauza watumwa walimchukia kwa sababu iliyo wazi. Lakini hata jumbe asiyeuza watu aliweza kuuliza kama huyu ni mhubiri au ni mtemi mwenziwe.

Wala tusiwasahau waliopata nafuu. Karema ndiko alikokaa Adrien Atiman, mzaliwa wa pande za Timbuktu, aliyetekwa akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa udaktari Malta. Aliwatibu watu wa ufuo ule kwa zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Kwa mtu wa namna hii, neno "kukombolewa" halikuwa mafumbo ya mahubiri.

Sasa twende kaskazini, Buganda, maana huko jambo hili lilionekana wazi kuliko mahali pengine pote. Wamisionari wa Kiingereza walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na Mapadre Weupe mwaka 1879. Mutesa aliwasikiliza wote, na Waislamu pia, akawachezea kama mtu achezavyo bao. Karibu na mwaka 1876, kabla hajafika mmisionari yeyote kukaa, Mutesa alikuwa amekwisha kuwaua vijana wengi Waislamu wa kasri lake. Walikataa kula nyama yake, wakisema mchinjaji hakutahiriwa. Mahali walipochomwa wengi wao ni Namugongo. Msomaji na aweke alama hapo, kwa kuwa jina hilo litarudi, na kwa kuwa linatuonyesha kwamba ghadhabu ya Kabaka haikuwa kwa Wakristo peke yao. Aliyekataa chakula cha mfalme alikuwa amemwambia mfalme kwamba yuko mwingine juu yake.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na Mwanga, kijana asiyefikia miaka 20. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya Kiingereza, Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto. Mwaka huo huo habari mbaya zilikuwa zikifika Buganda kutoka pwani: Wadachi walikuwa wamejitwalia nchi za bara, na manowari zao zilitia nanga mbele ya Unguja ili kumtisha Sultani. Waganda walikuwa na neno la kale kwamba watakaoila nchi watakuja kutoka mashariki. Na ni wakati huo huo ambapo Askofu Hannington, asiyejua uzito wa jambo hilo, alichagua kuja kwa njia mpya ya mashariki, akipita nchi ya Wamasai na Busoga. Aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga tarehe 29 Oktoba 1885. Wengi wamemwita Mwanga mwenda wazimu. Sisi twaona kwamba alikosea kuhusu mtu yule mmoja, lakini kuhusu nia ya Wazungu hakukosea sana: kabla miaka 10 haijatimia, Buganda ilikuwa chini ya bendera ya Uingereza.

Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana watumishi wa kasri, alithubutu kumlaumu Kabaka kwa damu ya askofu. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Kisha ugomvi uliingia ndani zaidi. Mwanga alikuwa na desturi ya kuwataka baadhi ya vijana wake kwa mambo ambayo dini yao iliyakataza, nao wakakataa. Katika kasri la Buganda kijana alikuwa mali ya Kabaka, mwili na roho. Baba yake alimpeleka huko ili apate kupanda cheo kwa kutii. Mwezi Mei 1886 waliitwa mbele yake, wakaambiwa wajitenge wale wanaosali. Kalori Lwanga na wenzake wakajitenga wazi. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti katika moto mmoja. Jumla ya mashahidi wanaojulikana kwa majina, wa miaka ile yote, ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu, na katika hotuba yake aliwataja pia wale wa Kanisa la Kianglikana.

Hapa wasimulizi wengi hufunga kitabu, na ndilo kosa lao. Maana Septemba 1888 Wakristo na Waislamu waliungana, wakamwondoa Mwanga kwa silaha. Mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo. Wakristo wakarudi kwa vita, wakamrudisha Mwanga kitini; kisha Januari 1892, huko Mengo, Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana wao kwa wao. Ilikuwa bado haijatimia miaka 6 tangu wenzao walipokufa pamoja. Hivyo hofu ya Mwanga kwamba wasomaji wangekuwa jeshi ndani ya nyumba yake ilitimia, ijapokuwa twaweza kuuliza kama si ukatili wake mwenyewe uliowafanya kuwa jeshi. Mwanga alikufa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa, jina lake Danieli.

Turudi kusini. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, chuki ilikuwa na sura nyingine. Watu wa Kilwa na Liwale walikuwa wamechoshwa na kodi, na mashamba ya pamba ya lazima, na viboko vya maakida. Askofu Kasiani Spiss wa Wabenediktini alikuwa safarini kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wote watano waliuawa tarehe 14 Agosti 1905 karibu na Mikukuyumbu. Hawakuwa wamelimisha mtu pamba. Lakini walikuwa Wadachi, nao walipita njia za Serikali, na machoni pa mkulima aliyepigwa jana haikuwa rahisi kupambanua Mdachi wa msalaba na Mdachi wa kiboko.

Ungoni kulikuwa na sababu iliyo karibu zaidi. Padre mmoja wa Peramiho alikuwa amechoma kibanda cha mahoka, yaani mizimu ya wazee, kwa Nkosi Mputa. Padre alidhani anateketeza nyasi na ushirikina. Mputa aliona kigoda cha baba zake kikiungua, wala hapakuwa na baraza la kumpelekea malalamiko yake. Septemba 1905 Peramiho nayo ilichomwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga Songea wakuu wengi wa Wangoni, Mputa akiwamo. Na baadhi ya wale walionyongwa walikubali kubatizwa kabla ya kufa. Neno hili latushangaza kila tulisomapo. Waliochukia misheni hawakuwa lazima wamechukia ubatizo.

Kama bado msikilizaji anadhani kwamba ni watu wasio Wakristo tu walioweza kuwatesa Wakristo, na atazame mpaka wa kusini wa Ufipa. Baada ya mwaka 1917 wahubiri wa Watchtower walirudi pande za Mwenzo na Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia. Mmoja wao aliitwa Hanoc Sindano. Walifundisha kwamba mwisho wa dunia u karibu, na wafuasi wao walikataa kuwatii wakuu na kubeba mizigo ya Serikali, wakati vita vilipokuwa vimewachosha watu kwa upagazi. Serikali ya Waingereza, iliyoapa kwa Biblia ile ile, iliwakamata wengi na kuwatia gerezani. Hakimu hakuwauliza wanaamini nini kuhusu Masiha. Aliwauliza kwa nini hawakubeba.

Je, Ufipa yenyewe? Huko hatuna moto wa Namugongo wala maiti wa Mikukuyumbu. Mapadre walipata makao, nao watu, polepole, wakaingia kanisani. Lakini chuki haikukosekana. Ilikaa ndani ya nyumba, karibu na mafiga, isikoandikwa sana na wanahistoria. Masista Weupe walifika Karema mwaka 1894, na baada ya miaka kadhaa wasichana wa nchi walianza kutaka kuwa watawa kama wao. Kwa mzazi wa Kifipa hilo lilikuwa jambo zito kuliko mtoto kubatizwa. Binti akiolewa, mahari huja, nyumba mbili huungana, na wajukuu huzaliwa watakaolitaja jina la babu. Binti akiwa sista, mahari haiji, mkwe haji, mjukuu haji, na aliyemchukua hana ukoo wa kudai. Baba aliyekuwa tayari kumwacha padre ahubiri uani kwake mchana kutwa aliweza kumfuata binti njiani kwenda Karema ili amrudishe.

Wengine walirudishwa. Wengine walitoroka tena. Na wako wazazi waliokaa miaka mingi bila kusema neno, hata siku moja binti akaja kuwaona akiwa na shela kichwani, wakamletea kigoda aketi.