Kufikiri si Kutafakari



Baada ya baba kufariki nilimpigia simu mama, Tanga, nikamweleza mpango wangu: aje akae nami hapa Texas. Tiketi nitalipa mimi, na chumba kipo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, umefikiri. Bado hujatafakari."

Nilidhani ananichezea maneno. Baadaye nikaona kwamba mama alikuwa na hoja.

Maneno hayo mawili ni ndugu wa damu. Yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, yakaingia katika Kiswahili kwa karne nyingi za biashara, ndoa na elimu ya dini huko pwani. Kinachoyatenganisha ni ile "ta" ya mwanzo. Katika Kiarabu, "ta" hiyo mara nyingi humrudishia mtu tendo lake mwenyewe. Tunayo mifano: anayetakabari hujikweza mwenyewe, anayetahadhari hujihadhari. Basi anayetafakari hulirudisha wazo ndani yake, akajiuliza na kujijibu.

Mfano mkubwa wa kutafakari umo katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, uliotungwa yapata miaka 200 iliyopita. Pate, kisiwa kilicho karibu na Lamu, kiliwahi kuwa na matajiri wakubwa. Mshairi anayatazama majumba yao yaliyokuwa magofu. Zidaka zilizopambwa kwa vyombo vya thamani sasa ni viota vya ndege. Lakini hawasemi wafu wale. Anausemesha moyo wake mwenyewe, anauhoji, anauonya kwamba nao utapita njia hiyo hiyo.

Wala kutafakari si "kuwa na mawazo". Tukisema fulani ana mawazo, tunamwonea huruma, kwa kuwa mawazo humzungusha mtu pale pale, usingizi ukampotea. Kutafakari kuna mwisho: mtu huondoka na uamuzi.

Sisi wa huku tunafikiri sana. Tunapiga hesabu za kodi ya nyumba, za zamu mbili za kazi, za fedha za kutuma nyumbani, tena tunazipiga tukiwa ndani ya gari. Nami nilikuwa nimepiga hesabu ya nauli tu. Siku moja ya mapumziko nikazima simu, nikajiuliza: mama atakaa na nani nikiwa kazini tangu alfajiri hadi usiku? Nani atambishia hodi ghorofa ya tatu? Na je, namwita kwa faida yake, au ni upweke wangu ndio unaomwita?

Swali la mwisho lilinichukua wiki nzima kulijibu.

Mama hakuja. Nauli niliyomwekea ndiyo iliyonipeleka mimi Tanga.