Nani aongoze mashirika ya ndege yakiungana?
MASHIRIKA mawili ya ndege yanapoungana, kiti cha mkurugenzi mkuu hubaki kimoja. American Airlines na US Airways ya Marekani zilipoungana Desemba 2013, kiti hicho kilimwendea Doug Parker wa US Airways, ingawa shirika lake ndilo lililokuwa dogo.

Parker alikuwa ameongoza muungano wa America West na US Airways mwaka wa 2005, japo marubani wa pande hizo walizozania ukongwe kazini kwa miaka mingi.

Kilichompa nguvu ni wafanyakazi wa mshindani wake. American ilipokuwa mahakamani ikijikinga dhidi ya wadai, vyama vyake vitatu, kikiwemo cha marubani, vilimuunga mkono Aprili 2012. Tom Horton, mkurugenzi mkuu wa American, aliachiwa uenyekiti wa bodi kwa muda mfupi.