Maonyesho ya Vigango
Vigango (umoja: kigango) ni nguzo za ukumbusho ambazo Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama wa Kilifi na Malindi, huwasimamishia marehemu waliokuwa wanachama wa Gohu, yaani chama cha wazee wenye mali na heshima. Kila kigango huchongwa kwa kipande kimoja cha mti mgumu, kichwa kikiwa aghalabu cha mviringo, na kiwiliwili, kilicho bapa kama ubao, kikijazwa vipembetatu vidogo vilivyokatwa kwa mpangilio.

Kwa kuwa kigango ni makao ya koma, yaani roho ya marehemu, kikishasimamishwa hakihamishwi; hata hivyo, tangu miaka ya 1970 vingi viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia katika majumba ya sanaa ya Marekani, ambako vilitundikwa kama sanamu za kidhahania, bila jina la marehemu, ambalo kwa mila ndilo lenye uzito kuliko umbo. Mwaka 1986 Makumbusho ya Sanaa ya Chuo cha Williams yaliviandalia maonyesho mahususi.

Urejeshaji ulianza kwa picha iliyopigwa mwaka 1985 na mwanaanthropolojia Monica Udvardy, ikimwonyesha mzee mmoja kando ya vigango vya nduguze, ambavyo viliibwa muda mfupi baadaye. Viwili hivyo vilitambuliwa katika makumbusho ya Illinois na ya Chuo Kikuu cha Hampton, vikarudishwa mwaka 2007. Vingine 30, kutoka Denver, viliwasili Kenya mwaka 2019.