Kisa cha Chuku na Uhuishaji Wake

Wamarekani wana hadithi ambazo msimulizi hutaja mambo yasiyowezekana bila hata kutabasamu. Paul Bunyan, mkata magogo, alikuwa jitu, na maziwa ya Minnesota ni nyayo zake na za fahali wake wa buluu. Pecos Bill alipanda kimbunga akakiendesha kama farasi. Wako wanaoziita hadithi za uongo, nami nakataa. Uongo unataka mtu wa kudanganywa, na hapa hayupo. Kiswahili kina neno chuku: anayeipiga anajua, anayeisikiliza anajua, na utamu wote uko hapo. Basi tuseme kisa cha chuku.

Tusikichanganye na mighani, inayomhusu shujaa ambaye watu wanaamini aliishi. Johnny Appleseed wa Marekani alikuwa John Chapman (1774–1845), na kweli alipanda vitalu vya mitufaha. Fumo Liyongo wa pwani ya Kenya naye ni wa mighani, ingawa mkobani mwake hutolewa kinu, mchi na mawe ya kusagia. Hiyo ni mighani iliyotiwa chuku, na zilizo nyingi ni hivyo.

Sasa filamu. Huku Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, ambako Kifaransa kimeshika shule na ofisi, mtu hutaja desani anime, yaani michoro iliyotiwa uhai. Istilahi ya uhuishaji inasema jambo lilelile, maana kuhuisha ni kukipa uhai kisichokuwa nao. Katuni ni neno zuri la mtaani, lakini linabeba pia kibonzo cha gazetini, ambacho hakisogei.

Mwaka 1981 Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, waliorodhesha kanuni 12 za uhuishaji, na mojawapo ni chuku yenyewe. Mtazame John Henry, mtoboa miamba mweusi wa reli, aliyeshindana na mashine ya mvuke, akaishinda, akafa nyundo ikiwa mkononi. Mchoraji akinakili pigo la mtu wa kawaida, nyundo huonekana nyepesi. Humlazimu kuurefusha mkono kupita kiasi, kuupinda mgongo nyuma, kisha kuutupa mwili mzima mbele katika picha chache kati ya zile 24 za sekunde moja. Hapo ndipo mtazamaji anausikia uzito. George Pal alimhuisha shujaa huyo kwa vikaragosi vya kuchongwa mwaka 1946. Mark Henn wa Disney akaongoza filamu ya michoro kumhusu mwaka 2000.

Maniema kusini kisa hicho hakihitaji maelezo marefu. Reli ya Kindu hadi Kongolo, inayopita Kibombo na Samba, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuyakwepa maporomoko ya Lualaba, na ilijengwa kwa jasho la watu.

Kwa jirani zetu wa Sankuru, Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Lubefu, alitoa mwaka 1991 filamu ya chura aendaye ukweni, kutoka katika masimulizi ya Watetela, ndugu wa Wakusu wetu. Hiyo si kisa cha chuku wala mighani. Ni ngano, hivyo istilahi yake ni ngano iliyohuishwa, nami ningependa iandikwe hivyo katika kila orodha ya filamu zetu.